Ndege Inayokunywa Kidogo

Wajukuu zangu, nawategea kimoja kabla chai haijapoa. Mgeni wangu alifika Jumanne, akawasili Ijumaa, na siku zote hizo alikuwa mbele ya macho yangu, nikimwona hata kucha. Ni nani?

Hamjui. Basi nipeni mji. Ahsanteni, nimeupokea. Nitaukagua baadaye nione mmenipa mji wa namna gani. Sasa sogeeni niwape jibu, ila jibu lenyewe ni refu na lina ndege ndani yake.

Nchi ile jina lake nalihifadhi, maana nina wajukuu wanaofanya kazi serikalini. Kiongozi wake huitwa Mlezi wa Taifa. Zamani hizo Mlezi alikuwa na ndege ya viti mia moja na themanini, na viti vyote vilijaa kila aliposafiri, hata akienda kukata utepe wa choo cha shule. Si kwamba alipenda msafara. Ni desturi tu, nayo inaitwa Mikono Ileile.

Desturi ya Mikono Ileile ni hivi: mikono iliyomuaga Mlezi ndiyo itakayompokea. Ilianza mwaka ambao Mlezi aliagwa na mawaziri wa huku akapokelewa na wakuu wa kule, kisha mtu akamnong'oneza kwamba wale waliomuaga walionekana kufurahi kupita kiasi. Tangu siku hiyo ikaamriwa anayeaga ndiye apokee, ili furaha zake mbili zilinganishwe. Basi mawaziri walikuwa wakipunga mkono pale uwanjani mpaka mlango wa mbele ufungwe, halafu wanakimbilia mlango wa nyuma na kupanda. Ndege ikitua wanashukia nyuma, wanazunguka mbio, wanajipanga mbele ya ngazi wakihema, na kusema, "Karibu Mlezi, tumekukosa sana." Na Mlezi anawashika mikono mmoja mmoja, anawauliza habari za huku.

Mimi naona ni desturi nzuri. Wakubwa wana sababu zao.

*

Mwaka mmoja nchi ikakauka, mafuta yakawa ya kupangiwa foleni, na Mlezi akatangaza kwamba taifa lifunge mkanda. Ili kuonyesha mfano alishonewa mkanda mpya wa ngozi ya mamba. Akasema ile ndege kubwa itapumzika, itanunuliwa ndege ndogo, nyepesi, yenye kwenda mbali na kunywa kidogo. Waziri wa Kubana Matumizi, Mheshimiwa Pazi, akaunda kamati ya watu arobaini na mmoja. Kamati ikapanda ile ndege kubwa ikaenda nchi saba kutazama ndege zisizokula mafuta.

Sasa katika watu wale arobaini na mmoja, aliyewahi kurusha ndege ndogo alikuwa mmoja tu, naye ni katibu, ndiye aliyekuwa akishika mafaili. Jina lake Tunu, mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe huku Ukingoni pamoja na mdogo wake Siwema. Tunu alikuwa rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa ya kweleakwelea kwenye mashamba ya mtama. Anaijua ndege nyepesi kama mimi ninavyolijua jiko langu.

Na Tunu alikuwa na haja yake. Ukingoni ndiyo wilaya ya mwisho ya nchi ile, siku tatu kwa gari kutoka makao makuu. Zahanati tunayo, chumba cha kupasulia tunacho, hata taa yake kubwa inawaka. Daktari wa kupasua ndiye hatuna. Siwema alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alipasuliwa, bahati nzuri ilimkuta mjini. Hii ya pili ilikuwa imeonyesha damu mara mbili, na mkunga alimwambia bila kumung'unya: usipande gari, utamwaga damu njiani, na usiingie kwenye uchungu bila daktari karibu. Ukiyaweka pamoja maneno hayo mawili, utaona msichana hana pa kwenda.

Ndipo Tunu akamwomba Waziri Pazi aongeze mstari mmoja kwenye hati ya ndege: siku ambazo Mlezi hasafiri, ndege itampeleka daktari Ukingoni. Waziri akauandika. Mlezi akatia sahihi. Mimba ya Siwema ilikuwa ya miezi mitano, na sote tukaanza kuhesabu vidole.

*

Kamati ilirudi na picha za ndege tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini, kuukuu kidogo, ina viti viwili. Ikakataliwa asubuhi hiyohiyo, kwa sababu haikuwa na mahali pa Kiti. Kiti ni kile cha mninga, kimechongwa simba wawili, na Mlezi haketi juu ya kingine anapokuwa ugenini.

Ya pili ilikuwa na injini mbili na viti sita vya ngozi. Wajumbe waliipenda sana. Tunu akaeleza kwamba inakunywa mara mbili ya ile ya tatu na inahitaji uwanja wa lami, na Ukingoni tuna uwanja wa nyasi ambao mbuzi ndio huupunguza. Wajumbe wakaipenda vilevile, ila wakaipenda kimyakimya.

Ya tatu ndiyo Tunu aliyoitaka. Injini moja, bawa juu, viti vinne, inatua popote penye nyasi fupi. Inatoka makao makuu mpaka Ukingoni kwa saa nne bila kutua kuongeza mafuta, kwa lita mia moja na hamsini.

"Lita mia na hamsini kwa saa?" akauliza Waziri Pazi.

"Kwa safari nzima, Mheshimiwa."

Kuna wajumbe ambao magari yao yalikunywa zaidi ya hizo kwa kwenda kikaoni.

Hapo akasimama Bwana Kirungu, Mkuu wa Itifaki. Huyu ni mtu mwembamba, suti imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ndani yake, na hajawahi kuketi mbele ya mtu anayemzidi cheo, ndiyo maana miguu yake huvimba.

"Binti," akasema, "mawaziri watakaomuaga Mlezi watakaa wapi humo?"

"Hawatakaa, mzee. Ina viti vinne."

"Basi watakwenda kwa magari kumpokea. Magari huchukua muda gani?"

"Siku tatu, kama mto umekubali."

"Na hii yako saa nne. Ni ya haraka mno. Tutafutie inayokwenda siku tatu."

"Hakuna ndege ya siku tatu, mzee. Ikipunguza mwendo sana inaanguka."

Waziri Pazi akainua kalamu. "Itaanguka kwa siku ngapi?"

Tunu aliniambia kwamba hapo alitazama dirishani kwa muda, akawahesabu njiwa wa jengo la pili, ndipo akajibu kwa adabu kwamba kuanguka kwa ndege huwa hakuchelewi.

Bwana Kirungu akafikiri, akatabasamu. "Hakuna tatizo. Kwa itifaki, Mlezi hafiki mpaka apokelewe. Kwa hiyo hata ndege ikitua, Mlezi atakuwa bado njiani. Hawezi kuwawahi waliomuaga, hata akitaka."

Kamati ikapiga makofi. Magari ya mawaziri hao, thelathini na sita, na mafuta yake hayakujadiliwa, kwa kuwa yako kwenye fungu jingine.

*

Ikabaki uzito. Ndege nyepesi haidanganyiki. Ukiijaza mafuta, ile ya tatu ilibeba kilo mia tatu tu za watu na mizigo. Tunu akagawa karatasi, kila atakayesafiri aandike kilo zake. Kwa Mlezi pakaandikwa sitini na moja, ndizo kilo alizokuwa nazo kwenye picha ya noti, na picha ile ilipigwa kabla Tunu hajazaliwa. Kilo za Mlezi, akaambiwa, ni siri ya dola.

Akanipigia simu. "Bibi, nitampimaje mtu asiyepimika?"

Nikamwambia, "Nakutegea. Nina kuku kwenye tenga, ukimgusa anadonoa. Nitajuaje uzito wake?"

"Unapima tenga lenye kuku," akasema, "halafu unapima tenga tupu." Akacheka, akakata simu bila kuniaga.

Kesho yake gari la Mlezi, likienda kufungua maonyesho, likaelekezwa kupita juu ya mizani ya malori pale geti la mji, eti barabara nyingine inachimbwa. Jioni likapitishwa tena likienda kuoshwa, yeye hayumo. Jibu likatoka: mia moja na kumi na nane. Tunu akalipeleka kwa Waziri kwenye bahasha. Waziri akalisoma, akalikunja, akaandika kwenye faili kwa mkono wake: *Mlezi, kilo 61. Mizigo ya taifa anayoibeba, kilo 57.*

Ukijumlisha Tunu, Kiti, daktari wa Mlezi na sanduku la daktari, zilifika mia mbili tisini na nane. Ndege ya tatu ikashinda kwa kilo mbili. Nguo za Mlezi zikatangulizwa na lori.

Daktari huyo jina lake Ngwali. Mtu mpole, aliyesomea kupasua miaka tisa, na kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kukaa hatua kumi kutoka alipo Mlezi, asizidishe. Sanduku lake lilikuwa na kila kitu, visu, nyuzi, dawa ya kulaza, na lakiri ya serikali ambayo haijawahi kuvunjwa.

Ndege ilipokuja ilikuja na kitabu chake cha kanuni. Bwana Kirungu, ambaye hulala vizuri akishasoma kanuni, alikipenda kitabu kile mno, akakifanya sheria ya nchi chote, tangu jalada mpaka jalada. Mlezi akatia sahihi akinywa chai.

*

Mnafikiri daktari alikuja Ukingoni? Hata mimi nilifikiri. Mstari ulisema *siku ambazo Mlezi hasafiri*. Bwana Kirungu akaufafanua: Mlezi ama yuko safarini, ama anajiandaa kwa safari, ama anapumzika baada ya safari, na yote hayo ni safari. Siku iliyobaki ni moja, ya kuzaliwa kwake, na siku hiyo ofisi zimefungwa.

Mwezi wa saba ukapita. Wa nane ukapita. Siwema akawa hatoki kitandani, miguu juu ya mto, ananiuliza kila ninapoingia, "Bibi, leo kuna mlio?" Nami najibu kuna wa pikipiki.

Tunu akapiga simu, sauti yake imekwaruza. "Bibi, nimeichagua mwenyewe, nimeijaribu mwenyewe, kila asubuhi naipangusa vumbi, na imekaa bandani. Nimeomba mara kumi na moja."

"Kitabu kile ulichoniambia," nikamwambia, "wewe umekisoma?"

"Kipi?"

"Hicho cha kanuni. Bwana Kirungu amekifanya sheria. Mtu akitunga sheria asiyoisoma vizuri, msomee."

Nikasikia kurasa.

Baada ya wiki redio ikatangaza: Mlezi, kwa pendekezo la katibu wa kamati, atazindua Wiki ya Kubana Matumizi, na ataizindulia Ukingoni, kwa kuwa ndiko mbali kuliko kote.

*

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi mawaziri thelathini na sita walimuaga kwa mikono yote miwili, kisha wakarukia magari yao, kila mmoja lake. Nyuma ya ndege iliitwa mbele siku hiyo, kwa agizo maalumu, maana Mlezi haketi nyuma ya mtu. Pembeni yake Daktari Ngwali, amelikumbatia sanduku. Kiti cha mninga kikakaa kando ya rubani, kimefungwa mkanda, simba wote wawili wanatazama mawingu.

Siwema alianza kutoka damu alfajiri hiyohiyo. Mkunga alinitazama, akaenda kuchemsha maji. Saa nne kasorobo nikasikia mlio, na haukuwa wa pikipiki.

Uwanja wetu uko nyuma ya zahanati, hatua kama mia mbili. Nilizipiga hizo hatua na magoti yangu haya. Ndege ilikuwa imetua na kuzima, mlango umefungwa. Pale palikuwa na mimi na mbuzi tu.

Nikagonga dirisha. "Karibu baba."

Mlezi akanitazama kupitia kioo, akatazama mbele, kama mtu ambaye hakusikia. Tunu akafungua kidirisha chake. "Bibi, hajafika. Siwema yuko vipi?"

"Imeanza. Nyingi."

Tunu akageuka. "Mheshimiwa, mdogo wangu yuko pale kwenye lile bati la bluu, anatoka damu, anahitaji kupasuliwa sasa hivi. Naomba Daktari."

Mlezi hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alimtazama Daktari, akatazama bati la bluu. "Hatua ngapi?"

"Mia mbili."

"Yeye anazo kumi," akasema kwa unyonge. "Sikuzipanga mimi. Muulize Kirungu."

Tunu akampigia Bwana Kirungu, aliyekuwa ndani ya gari la kwanza, akaweka sauti ya wote kusikia. Tukasikia mawe yakigonga chini ya gari.

"Mzee, tumetua. Mlezi amefika?"

"Hajafika. Nani kampokea? Hajafika mpaka Ijumaa."

"Kwa hiyo safari haijaisha."

"Haijaisha, binti. Kisheria mko angani."

"Nakusomea ukurasa wa kumi na nne. *Tangu safari ianze mpaka iishe, kila aliyemo, wa cheo chochote, yuko chini ya amri ya rubani.* Ni sheria hii, mzee, au si sheria?"

Mawe yakagonga. Yakagonga tena.

"Ni sheria," ikasema sauti ya Bwana Kirungu, ndogo kama ya mtu aliyeketi bila ruhusa.

"Ahsante." Tunu akakata simu. "Daktari, beba sanduku. Kimbia."

Wajukuu zangu, Daktari Ngwali alisubiri miaka kumi na miwili kuambiwa neno hilo. Aliruka chini, akajikwaa kwa mbuzi, akainuka, akakimbia mpaka kofia ikabaki. Lakiri ya serikali aliivunja kwa meno.

*

Nilirudi uwanjani kukaa na Mlezi, kwa sababu chumbani walinitoa, nilikuwa nawasumbua kwa maswali. Tulikaa, yeye ndani, mimi nje juu ya ndoo.

"Mama," akasema baada ya muda, "hapa kuna kitu cha kula?"

"Kuna muhogo wa kuchemsha, baba. Ila wewe uko angani."

Akafikiri. "Angani huwa wanakula."

Nikampitishia dirishani kwenye sahani ndogo, na kikombe cha chai, nikamwambia afunge mkanda. Akala vipande vitano. Akaniuliza anaitwa nani huyo binti mgonjwa, na ana mtoto mwingine, na barabara yetu ikoje. Nilimjibu yote. Nadhani hakuwahi kuuliza swali bila watu thelathini na sita kumjibia.

Ilipofika saa saba mtoto akalia. Kutoka bati la bluu mpaka uwanjani ni mbali, lakini tulimsikia sote wawili, na Mlezi akagonga kichwa kwenye dari kwa kusimama.

"Na mama yake?" akauliza.

Nikaikodolea macho kona ya zahanati mpaka Tunu alipotokea, anakuja taratibu, anajifuta uso kwa shati. Alipokaribia akainua vidole viwili. Wote wawili wazima. Ndipo nikaona kwamba ile ndoo niliyokalia ilikuwa na maziwa, na kanga yangu imelowa.

Jumatano na Alhamisi Mlezi aliendelea kutofika. Usiku alilala humohumo, Kiti kimetolewa nje ili anyooshe miguu, na mbuzi walikikalia. Tunu, kwa kuwa bado alikuwa na mamlaka, alimwamuru Daktari atibu kila aliyepanga mstari, na mstari ulifika mtoni. Ngiri nane alizikata, na mzee Chambo akatolewa risasi ya kuwindia ndege aliyokaa nayo begani tangu ujana.

Ijumaa mchana mawaziri wakafika, wekundu kwa vumbi, wengine wakisukuma magari. Wakajipanga, wakahema, wakasema, "Karibu Mlezi, tumekukosa sana." Na safari hii nadhani walimkosa kweli. Mlezi akashuka, akawashika mikono, akasema kwa sauti ya redio, "Nimefika sasa hivi." Halafu akamtazama mtoto wa siku tatu begani kwangu, akamkonyeza.

Bwana Kirungu alitaka ukurasa wa kumi na nne uchanwe. Aliyemzuia ni Waziri Pazi, na hakumzuia kwa huruma. Alikuwa ameshaandika ripoti: *Ndege imekaa angani siku tatu, saa saba na dakika kumi, kwa mafuta lita mia moja na hamsini. Hakuna nchi iliyowahi kubana hivi.* Ripoti ilisomwa bungeni mara mbili. Wageni wakaja kutoka mbali kuitazama injini, wakaondoka wanatikisa vichwa.

Basi kanuni imebaki, na desturi imebaki. Kila Mlezi anapokwenda mahali, huwa hajafika kwa siku kadhaa, na siku hizo daktari ni wa kwetu. Kadiri barabara inavyokuwa mbovu ndivyo tunavyotibiwa sana. Sisi Ukingoni humwalika kila mwezi, kuzindua hiki na kile. Mwezi uliopita alizindua ndoo yangu.

Jibu mnalo sasa. Na ule mji mlionipa mwanzoni nimeukagua, nimezunguka mitaa yote. Watu wake wazuri, zahanati imepakwa rangi, taa inawaka, daktari hayupo. Nausimamisha palepale nilipoupokea. Fyekeni uwanja kidogo, punguzeni nyasi, na mwandikieni Mlezi barua ya mwaliko. Barabara msiitengeneze.